Ilianza kuwaka saa ngapi? Kisa cha kikundi cha Malindi na supanova ya M101

Usuli

Mwaka 2023 kikundi kidogo cha watazamaji wa nyota hapa Malindi kilijiuliza swali linaloonekana jepesi: mwanga wa kwanza wa nyota iliyolipuka, yaani supanova, ulifika duniani saa ngapi? Saa ya kugunduliwa inajulikana, maana mgunduzi huiandika. Saa ya kuanza kuwaka hakuna anayeishuhudia, na ni lazima itafutwe kwa hesabu. Kikundi kilipata jibu, kikalichapisha kwenye bango, kisha kikalazimika kulibadilisha.

Majina ya watu, shule na mtaa nimeyaondoa. Wahusika ni wanne: mwalimu wa fizikia anayekilea kikundi, msichana wa kidato cha nne aliyeshika hesabu, kijana aliyemaliza shule ambaye mkono wake ni mwepesi kwa michoro, na mzee mmoja mwenye darubini ya kioo cha inchi nane. Mimi nilikaa nao kuwasaidia kukagua hesabu, na naandika kwa ridhaa yao.

Malindi ina historia na mambo haya. Tarehe 12 Desemba 1970, Siku ya Jamhuri, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kupima eksirei zitokazo angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, ikapewa jina Uhuru. Siku hizi data za setilaiti ya Swift, iliyorushwa 2004, hushuka kupitia kituo cha ardhini cha hapa hapa Malindi. Tarehe 9 Januari 2008 Swift ilikuwa ikitazama supanova moja katika galaksi ya NGC 2770 ilipokuta nyingine, SN 2008D, ikitoa mmweko wa eksirei wa dakika chache: wimbi la mshtuko lilikuwa ndiyo kwanza linatoboa uso wa nyota. Hiyo ni bahati isiyopatikana mara mbili kirahisi. Kwa supanova karibu zote tunafika moto umeshashika.

Supanova ya kisa chetu ni SN 2023ixf. Koichi Itagaki wa Japani aliigundua tarehe 19 Mei 2023 ikiwa na magnitudo 14.9, katika galaksi ya M101, umbali wa miaka ya nuru milioni 21 hivi. Kwetu Malindi M101 hukaa upande wa kaskazini, karibu na mkia wa Dubu Mkubwa, na hata ikifika juu kabisa haipandi zaidi ya nyuzi 32 hivi kutoka upeo wa macho. Mwezi Mei huwa ni masika, kusi imeshaingia na mawingu ni ya kila siku. Kwa hiyo tangu mwanzo ilijulikana kwamba kikundi hakitaweza kuifuata nyota hii kwa macho yao usiku baada ya usiku.

Maelezo mafupi kwa asiyezoea. Magnitudo, kipimo cha mwangaza wa nyota, huhesabiwa kinyume: namba ikipungua, nyota imeng'aa zaidi, na tofauti ya magnitudo 5 ni mwanga mara 100. Mchoro wa mwangaza ni grafu ya mwanga dhidi ya wakati. Ukiwa na vipimo vya siku za mwanzo, unatafuta umbo la kupanda kwake, kisha unalirudisha nyuma hadi mwanga uwe sifuri. Pale linapogusa sifuri ndipo makadirio ya mwanga wa kwanza yalipo.

Kilichotokea

Ijumaa ya tarehe 19 Mei mwezi haukuwepo angani, na kikundi kilitoka kutazama galaksi. Mzee alielekeza darubini kaskazini, akaandika katika daftari lake: "M101: hafifu sana, hakuna kipya." Hakuandika saa, wala hali ya anga, wala nyota hafifu kuliko zote aliyoweza kuiona usiku ule. Habari za ugunduzi ziliwafikia kesho yake, na kuanzia hapo mawingu yakatanda.

Walirudi kwenye vipimo vya wengine, vilivyo wazi kwa umma. Faili moja lilitoka AAVSO, chama cha watazamaji wa nyota zinazobadilika mwanga kilichoanzishwa Marekani mwaka 1911. Faili la pili lilikuwa la vipimo vilivyotolewa na wanaastronomia wa vituo vikubwa. La kwanza lilitumia siku za Juliasi, JD. La pili lilitumia MJD, hesabu ile ile iliyofupishwa kwa kuondoa 2,400,000.5.

Nusu ile ya mwisho ndiyo iliyoleta shida ya kwanza. Siku ya JD hubadilika saa sita mchana kwa saa za UT (saa za dunia, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu), ambayo kwetu ni saa tisa alasiri. Siku ya MJD hubadilika saa sita usiku UT, yaani kwetu saa tisa usiku. Yule kijana alitoa 2,400,000 kamili kwenye faili la AAVSO, akaunganisha mafaili mawili, akachora. Msichana aliitazama karatasi ya grafu kwa muda, akaweka rula juu ya nukta.

"Mwalimu, mbona nyota inapanda mara mbili?"

Kweli nukta zilijipanga mistari miwili iliyofuatana sambamba, mmoja ukiwa umechelewa nusu siku. Mwalimu hakumwambia kosa liko wapi. Alimwambia achukue kipimo kimoja kutoka kila faili, akigeuze kiwe tarehe na saa za Kenya kwa mkono, hatua kwa hatua. Alipofika kwenye cha pili akaiona nusu iliyopotea. Walirekebisha, na nukta zikakaa mstari mmoja.

Halafu wakatumia njia waliyoisoma kwenye habari za SN 2011fe. Supanova hiyo ilitokea pia M101, ikagunduliwa na mradi wa Palomar Transient Factory tarehe 24 Agosti 2011, saa 11 tu baada ya makadirio ya kulipuka kwake. Mwanaastronomia Peter Nugent na wenzake walichukulia kwamba mwanga hukua kwa mraba wa muda, wakapata tarehe 23 Agosti saa 16:29 UT, na shaka ya dakika 20. Hoja yake inaeleweka bila hesabu kubwa: tufe la mlipuko hutanuka kwa kasi isiyobadilika sana, hivyo nusu-kipenyo chake hukua sambamba na muda na eneo la uso wake hukua kwa mraba wa muda. Joto la uso likibaki karibu lile lile, mwanga nao hufuata mraba wa muda. Ukichora kipeuo cha pili cha mwanga badala ya mwanga wenyewe, unapata mstari ulionyooka. Kazi inayobaki ni rula na penseli.

Kikundi kiliipenda njia hii, na mimi nawaelewa: ni nzuri kwa macho na mwanafunzi yeyote anaweza kuifanya. Walichukua vipimo vya siku sita za mwanzo, kuanzia cha Itagaki hadi nyota ilipokaribia kilele chake cha magnitudo 11 hivi, wakapitisha mstari mmoja. Uligusa sifuri alfajiri ya tarehe 18 Mei. Maonyesho ya sayansi yalikuwa yanakaribia, bango likaenda kwa mchapaji: "Nyota hii ililipuka saa kumi na moja alfajiri, 18 Mei 2023."

Aliyeligongesha mwamba jibu hilo ni mzee. Wiki ile alikuwa akipitia picha za M101 ambazo watazamaji wa sehemu mbalimbali za dunia waliziweka hadharani baada ya kurudi kwenye kumbukumbu zao. M101 ni galaksi inayopigwa picha kila usiku usio na mawingu, na wengi waligundua kwamba walikuwa wamepiga picha saa chache kabla au baada ya mwanzo bila kujua. Picha za takriban saa moja usiku kwa saa zetu, tarehe 18, hazikuwa na kitu mahali pale. Picha za kabla tu ya saa tano usiku zilikuwa na nukta hafifu.

Alimwendea msichana na swali moja: "Mwanangu, kwa mstari wenu huu, saa moja usiku nyota ingekuwa na mwanga gani?" Alihesabu pale pale. Kwa mstari wao nyota ingekuwa na umri wa saa kumi na nne hivi na magnitudo karibu 16. Picha zile zilikuwa na uwezo wa kunasa vitu hafifu zaidi ya hapo, na hazikunasa chochote. Bango lilikuwa limesema nyota inawaka wakati picha zinasema haipo.

Jaribio la kwanza la kurekebisha lilikuwa kutupa vipimo vya karibu na kilele. Sababu yake ilikuwa sahihi: nyota ikikaribia kilele, kupanda kwake kunapungua, mchoro unalala, na mstari unaopitishwa humo unavutwa kurudi nyuma kuliko inavyostahili. Walibakisha vipimo vya hadi mwisho wa tarehe 20. Safari hii mstari ukaangukia asubuhi ya tarehe 19, saa kadhaa baada ya ile nukta hafifu kuwa tayari iko kwenye picha. Njia moja, nyota moja, majibu mawili, na yote mawili yanapingwa na picha, moja kwa kuwahi na jingine kwa kuchelewa.

Maamuzi na sababu zake

Mwalimu aliwakalisha chini, na hapa ndipo naona kisa kina thamani yake. Njia zilikuwa tatu.

Ya kwanza ilikuwa kuendelea kuchagua vipimo hadi mstari uangukie mahali panapokubaliana na picha. Kijana aliipendekeza kwa nia njema. Msichana aliikataa, akisema wakishajua jibu linalotakiwa na kuchagua nukta kwa ajili yake, basi mstari haupimi chochote tena. Hoja hiyo ilimaliza mjadala.

Ya pili ilikuwa kubadilisha umbo la kupanda: badala ya kipeo 2, yaani mraba, waache kipeo kiwe chochote kinachoafiki nukta. Hili wanaastronomia hufanya, na lina maana likifanywa kwa nyota nyingi. Kwa nukta chache na nyota moja, kipeo na saa ya mwanzo huvutana: ukiongeza kimoja, kingine kinasogea kufidia, na nukta zinabaki zimeafiki vile vile. Wangepata namba nyingine, wasingepata uhakika.

Ya tatu ndiyo waliyoichagua. Waliacha kurudisha mstari nyuma, wakachukua picha ya mwisho iliyo safi bila nyota na picha ya kwanza yenye nyota, wakasema mwanga wa kwanza uko mahali fulani kati ya hizo mbili. Wakakubaliana pia kwamba grafu ya mistari miwili iliyoshindwa itaonyeshwa kwenye meza ya maonyesho, pembeni ya jibu, ikiwa na maelezo ya kwa nini haikufaa. Mwalimu alisita kuhusu hilo, akihofia waamuzi watawapunguzia alama. Vijana walishikilia, na nawapa haki.

Matokeo

Bango lilibandikwa karatasi mpya: "Ilianza kuonekana kati ya saa moja na saa tano usiku, 18 Mei 2023, saa za Kenya." Makadirio yaliyochapishwa baadaye na wanaastronomia yanakaa kwenye MJD 60082.75 hadi 60082.83 hivi, yaani kati ya saa tatu na karibu saa tano usiku kwetu. Dirisha la kikundi linayabeba. Saa hizo M101 ilikuwa karibu na kilele chake upande wa kaskazini wa Malindi, nyuma ya mawingu.

Uchambuzi: umbo ndilo lililobeba jibu

Kosa la nusu siku la JD na MJD ndilo linalokumbukwa na kila mtu kikundini, pengine kwa sababu lilionekana wazi kwenye karatasi. Kwa maoni yangu halikuwa kubwa. Lilijionyesha lenyewe, likarekebishwa siku ile ile. Lililo zito ni lile ambalo halikujionyesha: dhana ya mraba wa muda ilichukuliwa kutoka aina nyingine kabisa ya nyota.

SN 2011fe ni ya aina ya Ia. Ni kibete cheupe, yaani kiini kilichobaki cha nyota iliyozeeka, kilicholipuka chote, na mwanga wake unaendeshwa na nikeli-56 inayooza kuwa kobalti-56, kwa nusu-maisha (muda wa nusu yake kuoza) ya siku 6 hivi, na kobalti hiyo kuwa chuma kwa nusu-maisha ya siku 77 hivi. SN 2023ixf ni ya aina ya II: jitu kuu jekundu lililojaa hidrojeni, lililozungukwa na gesi nzito ambayo nyota yenyewe iliimwaga katika miaka yake ya mwisho. Spektra (mwanga uliotawanywa kwa rangi zake) za saa na siku za mwanzo zilionyesha mistari ya gesi hiyo waziwazi. Mwanga wake wa kwanza ulitokana na wimbi la mshtuko likipita kwenye gesi, joto likibadilika upesi, na rangi ikihama kutoka wekundu kwenda ubuluu ndani ya saa chache. Dhana kwamba joto linabaki lile lile, ambayo ndiyo nguzo ya mraba wa muda, haikuwa na pa kusimama.

Ili kuona uzito wa jambo hili nawapa wanafunzi zoezi ambalo linatosha kipande cha karatasi. Chukua nyota ya mfano yenye vipimo viwili tu: usiku wa kwanza magnitudo 17.4, saa 24 baadaye magnitudo 14.9. Tofauti ni 2.5, yaani mwanga umekua mara 10. Kwa kipeo 2, umri umekua mara 3.16, hivyo kipimo cha kwanza kilichukuliwa saa 11.1 baada ya mwanga wa kwanza. Badilisha kipeo kiwe 1.5: umri umekua mara 4.64, na jibu ni saa 6.6. Kiweke 3: umri umekua mara 2.15, na jibu ni saa 20.8. Nukta ni zile zile mbili.

Sasa achana na kipeo, kosea kipimo. Tuseme tofauti ya magnitudo si 2.5 bali ni 2.4 au 2.6. Kwa kipeo 2 jibu linasogea hadi saa 11.9 au 10.4. Kosa la kipimo limeleta dakika arobaini na kitu kila upande. Kosa la dhana limeleta saa nne na nusu upande mmoja na karibu saa kumi upande mwingine. Mtu anapoandika "saa 11.1, shaka dakika 45", shaka hiyo inahusu kipimo peke yake. Ndivyo pia zile dakika 20 za SN 2011fe zinavyopaswa kusomwa: ni shaka iliyo ndani ya dhana ya mraba wa muda. Nugent na wenzake waliitaja dhana yao wazi. Wasomaji waliofuata ndio waliozibeba dakika 20 na kuiacha dhana nyuma, na bango la kwanza la Malindi lilifanya vivyo hivyo.

Uchambuzi: thamani ya asiyeona

Kilichookoa kazi hii ni picha tupu. Naliona jambo hili kwa uzito mkubwa, kwa sababu watazamaji wengi hufuta picha zisizo na kitu ili kupata nafasi kwenye kompyuta.

Watu wa Pwani wana mazoea yanayosaidia kulielewa. Jioni ya tarehe 29 ya mwezi wa Kiislamu watu hutoka kutazama mwezi mwandamo. Aliyetazama upeo ukiwa mweupe bila wingu akasema hakuuona, ushahidi wake una uzito. Aliyetazama mawingu akasema hakuuona hajatuambia kitu kuhusu mwezi. Kwa supanova ni hivyo hivyo, isipokuwa huongezwa swali moja: ungeweza kuona kitu hafifu kiasi gani?

Mfano mkubwa kuliko wote ni SN 1987A. Tarehe 23 Februari 1987, saa 7:35 UT, vigunduzi vya neutrino (chembe nyepesi mno zitokazo kiini cha nyota kinapoporomoka) vya Kamiokande II nchini Japani na IMB Marekani vilinasa chembe hizo kutoka Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu. Takriban saa mbili baadaye, karibu saa 9:20 UT, Albert Jones wa New Zealand, mtazamaji wa kujitolea aliyezoea nyota za pale kama mtu azoeavyo nyumba za mtaa wake, alitazama eneo lile na hakuona kitu kinachozidi magnitudo 7.5. Saa 10:38 UT Robert McNaught wa Australia alipiga picha, na nyota ilikuwemo ikiwa na magnitudo 6 hivi. Bila Jones, nadharia yoyote iliyosema mwanga ulitoka upesi sana baada ya neutrino ingebaki imesimama. Kutoona kwake kulizifuta nyingi, na kulikuwa na maana kwa sababu aliandika saa na kikomo cha alichoweza kuona.

Rudi kwenye daftari la mzee wetu. "M101: hafifu sana, hakuna kipya." Usiku ule nyota ilikuwa tayari inawaka, ikiwa hafifu kuliko uwezo wa jicho kwenye darubini ya inchi nane karibu na upeo wenye unyevu wa masika. Angeandika saa na kikomo, tuseme magnitudo 13, kumbukumbu hiyo isingebana saa ya mwanzo, maana picha za wengine zilikwisha kuibana zaidi. Ingesaidia kitu kingine: kukataa michoro yote inayosema nyota ilizidi magnitudo 13 kabla ya saa ile. Kwa jinsi lilivyoandikwa, haliwezi kutumika kukubali wala kukataa. Siku hizi daftari lina safu za saa, mawingu, na nyota hafifu kuliko zote iliyoonekana, na mzee huzijaza hata usiku ambao hakuna aliyeona kitu.

Dirisha la saa nne nalo lina udhaifu wake. Linasema tu lini nyota ilivuka uwezo wa picha. Kama ilianza hafifu sana na kupanda polepole kwa saa kadhaa chini ya uwezo huo, mwanga wa kwanza kabisa ungeweza kutangulia kidogo picha ile tupu. Msichana alilitaja hili mbele ya waamuzi kabla hawajamuuliza.

Uchambuzi: kuonekana na kulipuka

Bango la kwanza lilisema "ililipuka". La pili linasema "ilianza kuonekana", na badiliko hilo lilikuwa la lazima kuliko hata badiliko la saa. Ndani ya jitu kuu jekundu, kiini kinapoporomoka, uso wa nyota hauna habari. Wimbi la mshtuko linahitaji kusafiri tabaka zote za hidrojeni, na kwa nyota kubwa namna hiyo safari inaweza kuchukua kiasi cha siku nzima. Nyota ya SN 1987A ilikuwa jitu kuu la buluu, dogo zaidi, ndiyo maana neutrino na mwanga vilipishana kwa saa chache tu. Kwa aina ya Ia kuna pengo la namna nyingine: wanaastrofizikia Anthony Piro na Ehud Nakar walionyesha kwamba nikeli ikiwa imefukiwa ndani, mlipuko unaweza kubaki gizani kwa saa nyingi, hata siku, kabla ya joto lake kufika juu. Kwa hiyo hata ile saa 16:29 ya SN 2011fe ni saa ya mwanga, na mlipuko wenyewe ungeweza kuutangulia.

Saa ya kulipuka kwa SN 2023ixf hatutaipata kwa grafu, na neutrino zake zilizotufikia kutoka umbali wa miaka ya nuru milioni 21 ni chache mno kwa vigunduzi vilivyopo. Bango lililopo ukutani sasa linataja kile tu kilichomo kwenye picha: saa moja usiku hapakuwa na kitu, saa tano usiku palikuwa na nyota.